Prudensia Kamugisha, Aliyechora Maji Yanayowaka

Mama yetu mpendwa, Prudensia Kamugisha, alizaliwa Kamachumu, Muleba, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mwalimu Kamugisha. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, sekondari Bukoba, na mwaka 1984 akahitimu uuguzi Mwanza. Mwalimu wa hisabati alimwadhibu mara nyingi kwa kuchora mvua pembeni mwa hesabu.

Alifunga ndoa na Elia Majaliwa tarehe 6 Juni 1987, wakajaliwa binti, Glory. Mwaka 1999 familia ilihamia hapa Irving, Texas, alikofanya kazi ya uuguzi kwa miaka ishirini.

Mwaka 2011, katika jumba la sanaa huko Fort Worth, alisimama mbele ya picha ya Venisi, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, kazi ya mchoraji Mwingereza wa zamani. Majumba yalikuwa yameyeyuka katika ukungu. Mifereji ilikuwa inawaka.

“Mama Glory, twende,” baba alisema. “Huyu hakumaliza kuchora.”

“Amemaliza, Baba Glory. Wewe ndiye hujaanza kutazama.”

Jumamosi iliyofuata alinunua rangi, akaketi kando ya mfereji wa Las Colinas, hapa hapa Irving. Aliapa kwamba hatakufa kabla hajachora maji yanayong'aa vile.

Mwaka 2019 presha ya macho ilianza kumpokonya dunia kidogo kidogo. Aliacha kazi, mfereji hakuuacha. Alichora, akafuta, akaanza upya. Sifa zetu alizikataa: “Ninyi mnasema hongera hata kwa ugali mbichi.” Mwaka huu alibaki akiona kivuli na mwanga tu, akasema hivyo viwili vinamtosha. Figo zilipomlaza, alichorea kitandani, Glory akimtajia rangi.

Picha ya mwisho ilikuwa imekauka kabisa siku mjukuu wake Ndeshi, mwenye miaka minne, alipoigusa. Aliurudisha mkono haraka, akaupangusa kwenye gauni kana kwamba umelowa maji.

“Bibi, it's wet!”

Mama alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. “Basi, nimemaliza,” alisema. “Glory, nishike mkono niandike jina langu.”

Alitutoka Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, akiwa mshindi.

Ameacha mume, Elia, binti, Glory, mkwe, Erick, mjukuu, Ndeshi, na ndugu wengi Kamachumu, Dallas na Houston.

Picha ipo kando ya jeneza. Mnapopita kumuaga, iguseni.

Bwana ampumzishe penye mwanga usiozimika.