London Bado Haijatutambua

Barza ya Borafya, fundi cherahani wa Sokomuhogo, ilikuwa ya mawe yaliyopakwa chokaa, na wenyewe wakiiita Baraza la Mataifa. Kila mtu pale alikuwa na pahala pake na jina lake. Bakar aliitwa Kairo, kwa kuwa redio yake ilijua kituo hicho kuliko vyengine vyote. Jecha, mchukuzi wa bandarini, alijiita Peking tangu Mapinduzi ya Januari. Mcha, mwalimu wa skuli, alikuwa Makerere, maana huko ndiko alikosoma. Idi ilikuwa imepita wiki ile, kahawa inanyweka tena mchana, na dele la shaba lilikuwa limejaa. Mcha peke yake hajagusa kikombe. Mzee Simai, baba wa marehemu mkewe Mwatima, alikuwa anakuja leo na gari la Makunduchi kuchukua sanduku la nguo za bintiye.

Mwatima alikufa Novemba, bendera ya Mwingereza ingali juu. Tangu hapo serikali mbili zimekuja na moja imeshakwenda, naye hakuiona hata moja. Mzee Simai alitaka bintiye aolewe palepale Makunduchi. Aliozesha kwa wakala, mwenyewe akabaki shamba, na kwa miaka sita hakukanyaga nyumba ya Mcha na Mwatima. Akikutana na Mcha humwita Bwana Mwalimu. Mcha naye humwita Mzee Simai. "Mwite baba," Mwatima alikuwa akimsihi mumewe. "Aanze yeye kuniita mkwe," Mcha akijibu. Siku ya maziko mzee alilingojea jeneza makaburini. Yeye na Mcha walipeana mikono, wakaachana. Sanduku likishaondoka, hakutabaki kitu cha kuwakutanisha.

— London bado kimya, alisema Bakar. Jana nimesikiliza mpaka betri zikanifia. Peking washatutambua, Moscow washatutambua, Havana washatutambua. London na Washington, wapi!

— Wanaogopa, alisema Jecha. Kisiwa kimoja kikipindua, visiwa vyote vinaanza kujikuna. Na Uingereza nayo ni kisiwa, yakhe.

— Ati wachukuzi wa London watapindua?

— Kwani wao migongo haiwaumi?

Borafya alikuwa anapinda kanzu, hakuinua macho.

— Nyinyi hamjashona ndiyo maana. Ukibadilisha kola, kanzu nzima uipime upya. Wale sasa wamekaa chini wanaipima dunia, kipande kwa kipande, kwa ajili yetu.

— Kwa ajili ya Sokomuhogo?

— Kwa ajili ya Sokomuhogo hii hii.

— Wapime wasipime, karafuu ziko kwetu, alisema Bakar. Kila jino linalouma Ulaya linatungoja sisi. Tufunge bandari mwezi mmoja tu. Waziri wao akishavimba shavu, atatutambua kwa jina la baba na la babu.

— Na Mmarekani?

— Yule anakula peremende kutwa kucha! Yule atatutambua mara mbili.

Walicheka mpaka vikombe vikatikisika. Borafya akasimamisha cherahani.

— Makerere, mbona umejikunyata? Si ndiyo elimu yako hii? Dunia nzima haina usingizi kwa ajili yetu, nawe uliyeisomea umenyamaza.

Mcha alikuwa akitazama kona inakoshukia njia ya stendi.

— Ziko rai mbili, alisema. Moja inasema dola haiwi dola mpaka wenziwe waitambue. Ya pili inasema ukiwa na ardhi, na watu, na serikali inayosikilizwa, ushakuwa dola. Kutambuliwa ni salamu tu.

— Na wewe kwenye mtihani ulijibu ipi?

— Ya kwanza.

— Umekosa!

— Nilipewa alama nyingi sana.

— Na nani?

— Na Mwingereza.

Hapo hata Mcha mwenyewe alitabasamu. Jecha hakucheka.

— Miaka yote nikibeba magunia pale bandarini naulizwa, wewe wa nani? Leo nikiulizwa nasema, mimi wa hapa. Hiyo salamu ya London itaniongezea nini?

Wote walikuwa wamenyanyua vichwa kidogo, kama watu wanaotazamwa. Na kweli walikuwa wanatazamwa. Mzee Simai alikuwa amesimama mbele yao, amevaa kanzu yake ya Idi, pakacha la muhogo mkononi.

— Shikamoo, mzee, walimwamkia.

— Marahaba. Nimezisikia sauti zenu tangu konani. Kuna nini?

Borafya alimpisha, akammiminia kahawa. Bakar akamweleza:

— Tunamngoja Mwingereza atutambue, mzee.

Mzee Simai alikunywa taratibu.

— Na sisi, yeye tulimtambua lini?

Makerere alizipekua rai zake zote mbili. Bakar akainamisha dele ili apate la kufanya, yakatoka machicha ya kahawa.

— Haya, Bwana Mwalimu, alisema mzee, akaweka kikombe chini. Nimefuata lile sanduku.

Akanyanyuka, akatangulia, pakacha amelisahau juu ya barza. Mcha alilibeba. Lilikuwa zito, muhogo wa kumtosha mtu mmoja siku nyingi, umechaguliwa mmoja mmoja na kufutwa udongo. Aliponyanyua macho, mzee alikuwa ameshafika njia panda, amekata kulia. Hakuijua nyumba. Angeijuaje?

Mcha alisimama pale na pakacha lake, barza nzima ikimsikiliza.

— Baba! aliita. Si huko. Nyumbani ni huku.

Mzee Simai alisimama.

— Naam, akaitika, akageuka.