Miaka Miwili ya Nyongeza

Tulikaa watatu kiti cha nyuma cha bajaji pale Sylhet, mimi pembeni. Binti wa katikati, Rumena, jina nililisoma kwenye faili lake, alishindwa kunyamaza. "Baba kapata kibali cha kukaa London moja kwa moja, nami naombewa kupitia kwake. Leo napimwa kifua kikuu. Ukikutwa nacho, viza huipati."

"Una miaka mingapi?" akauliza mwanamke wa upande wa pili. "Kumi na saba, dada. Ukifika kumi na minane mlango umefungwa." "Unanifundisha mimi hilo? Baba yangu yuko huko huko. Alipopata kibali nilikuwa na kumi na sita, ila kwenye cheti alishaniongezea miwili ili aniozeshe upesi. Wadogo zangu wote wakaenda." "Na mume je?" "Mume gani? Posa yenyewe ilivunjika."

"Pole, dada." "Pole yako kaa nayo." Nikatazama nje, maana wivu nao huambukiza.

Bajaji ikasimama mlangoni mwa kliniki. Vumbi likatuingia, Rumena akakohoa mara mbili. Yule dada akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tupande. "Kohoa, mdogo wangu," akasema kwa upole. "Usijizuie."