Katre-Katre, De

Asubuhi ile, mwaka wa pili wa vita, kahawa aliyotuuzia Atumani ilipoa vikombeni, jambo ambalo benchi letu la wapenzi wa mpira, hapa Nyawera mjini Bukavu, halikulizoea. Mwenzetu Gaston alikuwa amekamatwa jana yake kwenye kizuizi cha Kamanyola, akielekea Luvungi kutafuta mchele. Askari walimpekua, wakakuta katika mfuko wa shati karatasi iliyochorwa hapa hapa benchini na Placide, ambaye sote twamwita Papa Sistemu: misalaba kumi na mmoja, mishale ya kwenda mbele, na juu yake, kwa wino mwekundu, 4-4-2. Wakamrudisha Bukavu, wakamfungia kambini. Saa sita mkuu wao angetoa uamuzi, na Agathe, mke wa Gaston, alikwisha kwenda kumwombea. Kwetu sisi ilibaki kazi moja tu: kumtafutia Gaston maelezo.

Zagabe, mwalimu wa hesabu, aitwaye Arbitre, yaani refa, kwa kuwa hakuna ubishi alioupita bila kuuhukumu, alimtaka Placide akumbuke karatasi herufi kwa herufi, kama wanazuoni wa kale walivyozihesabu herufi za Kitabu.

— Papa Sistemu, kule juu uliandika nini?

— Katre-katre-de. Kila mutoto anajua ile.

— Soma polepole, sawa vile soda wa pale kizuizini anasoma.

Placide akasoma: katre-katre, de. Uso ukambadilika. Katika mji huu katre-katre ni gari la kupanda milima, de ni mbili, na siku hizo waliopanda magari hayo walikuwa askari.

— Gari mbili za basoda, akasema Atumani, akaweka birika chini.

— Na Mugisho, beki yetu, chini ya jina yake uliweka nini?

— Libero. Anabaki nyuma, anasafisha.

— Anasafisha nani?

Kusafisha, kwenye barabara ya bondeni, lilikuwa neno la askari kwa vijiji walivyoviteketeza. Atumani akaongeza hofu yake: huenda askari wamesoma libero wakaelewa mkombozi, na wakombozi walikuwa wametutosha.

Hapo ndipo dawa ilipoanza kutafutwa. Arbitre alipendekeza tudai kwamba mchoro ulikosewa, na kwamba mshambuliaji mmoja kati ya wale wawili hucheza katikati, ili isomeke 4-5-1. Placide alinung'unika kwamba kumwacha mtu peke yake mbele ni dhambi. Atumani akasema basi huyo naye arudi nyuma. Mawinga wakafuata, kisha viungo, mpaka misalaba yote kumi na mmoja ikasongamana mbele ya goli letu, na hata kipa akaonekana amesogea mno.

— Timu ya vile haiwezi funga mutu, Placide akalalamika.

— Ni ile tunatafuta, Arbitre akamjibu.

Mimi nilisema kwamba ukweli ungetosha. Nilisema kwa sauti ya chini.

Agathe akatokea saa tano, kitenge amekifunga kwa haraka, akakataa kuketi. Alimsikiliza Arbitre mpaka mwisho, kwa adabu.

— Bapapa, nilishabaeleza ile yote. Nilibaambia ni mupira. Komanda alikubali, ni mupira.

Tukashusha pumzi. Atumani akamnyooshea kikombe, hakukipokea.

— Aliniuliza kitu moja tu. Nirudi na jibu mbele ya saa sita.

— Kitu gani, maman Agathe?

— Mechi iko siku gani, na munacheza na nani?

Uwanja ulikuwa kambi tangu vita vianze. Mugisho wetu alikuwa akichimba dhahabu Luhwindja, beki wa kushoto alivuka mpaka na hakuandika, wawili tuliwazika. Kwa mwaka mzima, kila asubuhi, tulikuwa tukipanga kikosi kisicho na mchezo, na hakuna kati yetu aliyewahi kulisema hilo kwa sauti.

Arbitre aliitazama saa yake, kisha akautazama mkono wake mwingine, ambao haukuwa na saa.

— Bapapa, Agathe akasema. Nimwambie munacheza na nani?