Mkono Ulioniponyoka Kwenye Baba Yetu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena, na nyinyi mliokimbilia viti vya nyuma karibu na AC muitikie pia. Mimi naitwa Dorcas, mzaliwa wa Taita. Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya dobi kule Rusayl.

Ndugu zangu, mimi sikutolewa kwenye pombe wala kwenye uganga. Nilitolewa kwenye chuki, na chuki yangu ilikuwa na sababu nzuri kabisa. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana hakuna anayekukemea. Kila unayemsimulia anakwambia una haki.

Kwetu kuna mto ambao masika yakianza haupitiki. Tuliomba daraja tangu mimi niko shule ya msingi. Mwishowe likajengwa, mheshimiwa mbunge wetu akaja kulifungua kwa ngoma na hotuba. Kila mtu alijua kwamba saruji imeliwa, na mlaji ni yeye. Mafundi wenyewe walisema, tena kwa kicheko, kuwa wametia mchanga mwingi na saruji ya kunusa tu. Watu wakacheka nao, tumezoea. Halafu asubuhi moja ya mvua, siku ya soko, daraja likakatika, na mdogo wangu Mwakio alikuwa juu yake na baiskeli yake ya ndizi. Mimi nilikuwa nimeshakuja huku Omani. Sikumzika.

Hakuna aliyeshtakiwa. Ikasemwa ni mapenzi ya Mungu. Jamani, Mungu anasingiziwa mengi! Tangu hapo nikisali Baba Yetu, nikifika ule mstari wa kuwasamehe waliotukosea, nafunga mdomo. Nawangoja wenzangu wapite, ndipo najiunga nao kwenye majaribu.

Sasa, chumbani kwangu katika hosteli ya kampuni niliishi na dada mmoja Mfilipino, jina lake Luz. Alfajiri anakaanga wali uliolala kwa kitunguu saumu, na samaki wakavu wenye harufu inayoamsha ghorofa nzima. Kando ya kitanda chake kulikuwa na boksi kubwa la kupeleka kwao. Akipata sabuni anatia, akipata viatu vya mtoto anatia, taulo, makopo ya sadini, mpaka lijae ndipo lipakiwe melini. Kabla halijaondoka, boksi hilo lilikuwa ndiyo meza yetu ya chai.

Rais wao aliposhutumiwa kwa wizi, na watu wakajaa barabarani mpaka akaondoka, Wafilipino wa hosteli walikaa wamekumbatia simu zao ndogo wakisomeana ujumbe. Walilia, wakaimba, wakapika tambi za kutosha mtaa. Luz alikula akasema, kwa Kiingereza chake cha polepole, kwamba mwizi mkubwa ametoka lakini yule wa mji wao bado yupo. Nikamwambia karibu Kenya, sisi tunao wa saizi zote.

Mwaka uliofuata ukawa wa uchaguzi kwetu. Shangazi akanipa habari kwamba mheshimiwa amepita nyumbani kuomba kura, na mama amempikia chai. Chai, ndugu zangu! Ya maziwa! Nikampigia mama kwa simu ya jirani, nikamwambia maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya madhabahu, nikakata simu kabla hajajibu. Sikumpigia tena. Hela za matumizi nilituma kila mwezi, sauti yangu sikutuma. Mama yangu mjane, aliyebaki na mimi tu.

Wakati huo Luz alikuwa ananivuta kwenye ibada yao Ijumaa asubuhi, kabla ya ushirika wetu huu wa mchana. Wafilipino wakifika kwenye Baba Yetu wanashikana mikono, safu nzima, hata na mtu wasiyemjua. Mimi Mwanglikana wa Taita nilishtuka mwanzoni, nikazoea. Wao wakisali kwa lugha yao, mimi nasali Kiswahili changu kimyakimya. Nani angejua nimeruka nini?

Luz alijua. Kazi yetu wawili ilikuwa kukunja shuka za hoteli, na shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja. Unashika ncha mbili, mwenzako mbili, mnavuta, mnakutana katikati, anazipokea ncha zako, mnarudia. Kutwa nzima! Mtu wa namna hiyo anaijua mikono yako kuliko mumeo. Basi siku moja, tumekutana katikati ya shuka, hakuzipokea ncha zangu. Akanitazama akaniuliza:

“Dorcas, kila Ijumaa mkono wako unaniponyoka mahali palepale. Pana nini pale?”

Nilitaka kumwambia hamna kitu. Badala yake nikalia juu ya shuka safi, ikabidi irudishwe kufuliwa. Nikamwambia yote, daraja, Mwakio, na chai ya mama.

Hakunihubiria. Alinieleza ya kwake. Meya wa mji wao alikula fedha za dawa za zahanati, na dada yake Luz alijifungua katika zahanati hiyohiyo, damu ikakosa cha kuizuia, akafa. Na meya huyo ndiye baba wa ubatizo wa binti yake Luz. Kwao maskini humtafutia mwanawe mtu mkubwa wa kumsimamia, ili siku ya shida pawe na mlango wa kubisha. Kwa hiyo kila Krismasi binti anapelekwa kwa meya, anaushika mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso, kama wanavyowaheshimu wazee wao. Mkono uleule ulioiba dawa! Nikamuuliza anawezaje.

“Namwombea kwa jina lake,” akasema. “Kura yangu hapati, na binti yangu anajua aliyotutenda. Lakini simpi nafasi kifuani mwangu. Alivyochukua vinatosha.”

Kisha akaniuliza mama alisema nini alipompa yule mtu chai. Sikuwa nimeuliza.

Ijumaa iliyofuata, tulipofika kwenye ule mstari, Luz alinikaza mkono mpaka pete yake ikaniuma. Nikausema. Nilisema kama mtu anayenyanyua gunia, lakini nikausema wote. Ndugu zangu, sikuona mwanga, wala sikuanguka chini. Nilisikia njaa tu, njaa ya kawaida, kama mtu aliyetoka kwenye homa. Nikajua nimepona. Jina la Bwana libarikiwe!

Nikatoka pale moja kwa moja hadi kibanda cha simu pale Ruwi, nikapiga kwa jirani, mama akaitwa. Nikamwomba msamaha huku nalia. Akaniacha nilie, halafu akasema:

“Mwanangu, mgeni hafukuzwi. Nilimkalisha kwenye kiti cha Mwakio, nikampa chai kwa kikombe cha Mwakio, nikamwambia kiti ni cha nani na kikombe ni cha nani. Chai ikapoa, hakuinywa. Nikamwambia, kunywa baba, mimi nimekusamehe, lakini daraja nitakuuliza.”

Na akamuuliza! Mama yangu, na leso yake kiunoni, alisimama kwenye mkutano wa kampeni akauliza mbele ya watu wote saruji ilikwenda wapi. Yule bwana kura zikamwangusha. Aliyemrithi naye keshaanza kunenepa, lakini mama bado yupo, na sauti anayo.

Luz amerudi kwao, tulimsindikiza uwanja wa ndege wa Seeb juzi tu. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa mama niliyekuwa nampoteza nikiwa nadhani namtetea Mwakio.

Wapendwa, najua humu ndani kuna mtu ambaye shamba la baba yake limeliwa, na mwingine kazi yake ilipewa mtoto wa mkubwa. Siwaambii msahau. Simameni, tusali Baba Yetu. Najua si desturi yetu, lakini leo tushikane mikono. Na ukifika mahali pale ukashindwa, nyamaza tu, Yesu anakungoja. Ila mkono wa mwenzio usiuachie.