Salama, Ila Nimeanguka

Mgeni rasmi, kabla hatujakukaribisha kwa makofi tunaomba tuanze na uvumi, maana umetukaa kooni kama mwiba wa samaki. Ulianzia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Ilisemwa kwamba muuza mkaa, mwenzetu tuliyemzika wakati wa mvua, bado ni mzima huko ofisini kwako. Taa yake inawaka kijani.

Wengi walicheka. Mama Kelele akasema, "Afadhali yeye, kafa na bado anatambulika! Mimi niko hai, na mwenye nyumba wangu ananipita kama nguzo ya umeme."

Mwenzetu mmoja hakucheka. Huyo ni fundi cherehani wa hapa mtaani. Alijitwika unga wake akarudi nyumbani, na uvumi ukamng'ang'ania kama kupe. Aliyeziunganisha taa zile ni binti yake wa kumzaa.

KARIBU

Sasa karibu, mgeni rasmi. Viti ni vya kuazima, ila mioyo ni yetu. Tunawakaribisha na watumishi wa Ofisi ya Ustawi ulioongozana nao. Yule mtaalamu wa kompyuta aliyeketi nyuma yako, mashine mapajani, hatumkaribishi. Yule yuko kwao.

HISTORIA YETU

Sisi ni akina mama tunaoishi peke yetu. Si kwamba hatukuzaa. Tulizaa, tukasomesha, na masomo yakawachukua. Mtu ukipika unapika kidogo, na bado kinabaki.

Zamani ofisi yako ilikuwa na mhudumu aliyetuzungukia nyumba kwa nyumba. Tulimbandika jina la Dada Hodi. Alikuwa akifika anabisha hata kama mlango uko wazi.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu."

"Hamjambo?"

"Hatujambo," na aliye ndani ni mmoja.

"Habari za tangu juzi?"

"Salama."

"Haya. Na ule mguu?"

Hapo ndipo mtu anafunguka. "Salama, mwanangu, ila usiku unanikaza." Dada Hodi akisikia "ila" anavuta kigoda. Sisi ndivyo tulivyolelewa, mgeni rasmi. Mtu akikujulia hali, huanzi kumwagia shida zako mlangoni kama maji machafu. Kwanza unampa salama yake, kisha unangoja akuulize tena.

MAFANIKIO

Mfumo mpya ulipokuja tuliitwa semina humu humu. Mtaalamu alitueleza kwamba hakuandika programu ndefu za kuumiza kichwa. Alikuta visanduku vimeshatengenezwa kwenye kompyuta, akavivuta, akaviunganisha kwa mishale. Kila asubuhi kisanduku cha kwanza kinatutumia ujumbe wa simu: "Umeamkaje?" Tunajibu bure, hata simu ikiwa haina salio. Cha pili kinachukua jibu na kulitia kwenye kanzidata, ambayo sisi tunaiita kabati. Cha tatu kinachungulia jibu na kutafuta neno. Kikikuta "salama" kinapeleka kijani, kikikuta "shida" kinapeleka nyekundu. Rangi hizo zinatokea kwenye kioo kikubwa ukutani kwako, kinachoitwa dashibodi. Kila mama ana taa yake.

Fundi alikuwa kiti cha mbele. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. "Amevipanga vipande kama gauni!" alimwambia jirani yake. "Mikono hiyo kairithi kwangu."

Tusiwe wezi wa fadhila. Ripoti iliyokuwa ikikaa miezi mezani sasa unaiona kwa kutupa jicho. Mfua nguo aliandika "shida, naharisha", na gari likafika kabla jua halijawa kali. Hilo tumeliona na tunashukuru.

CHANGAMOTO

Kioo kilipokuwa kijani kitupu, ikaonekana Dada Hodi hana kazi. Akaondolewa. Hakuna aliyetugongea tena.

Na watoto wetu nao, walipojua kuna kioo, walipunguza kupiga simu. Binti wa fundi alikuwa akipiga kila Jumapili. Ikawa Jumapili moja anaruka, nyingine anapiga akiwa njiani. Siku moja mama yake alimgusia ule uvumi wa muuza mkaa.

"Mama nawe, na maneno ya kwenye foleni! Mimi nakuona kila siku. Uko kijani, umenawiri."

"Wewe unaniona. Mimi nakuona wapi?"

Binti alicheka. Mama naye akacheka, ili mwenzake asicheke peke yake. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni, akisikiliza kama imebaki sauti.

Ndipo ikafika asubuhi ile. Fundi alitoka kuoga, sakafu ikamteleza, akaanguka kwa nyonga. Akajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Akaita. Ukuta wa pili wanachomelea mageti, na msumeno wa chuma ulikuwa umeshaanza kulia. Alijivuta mpaka kitandani, akavuta shuka ili simu idondoke. Haikuwa na salio. Akiwa ameishika mkononi, ikalia. Ujumbe wa ofisi.

"Umeamkaje?"

Mgeni rasmi, alilia kwa furaha. Aliona kama mtu ameingia chumbani. Akaandika: "Salama, ila nimeanguka. Siinuki."

Akangoja swali la pili.

Kisanduku kilichungulia, kikakuta "salama", kikapeleka kijani. Ila yake ikabaki kabatini, ambako hakuna afungulaye siku hizi, kwa kuwa kila mtu anatazama kioo. Na binti yake alikuwa mbele ya kioo hicho hicho. Siku ile alikuwa amekusudia kumpigia mama yake. Aliinua macho, akaiona taa, akamwonyesha mwenzake: "Ile pale ni ya mama. Mzima kabisa." Akaiweka simu chini, akaendelea na kazi.

Mchana ukapita. Fundi alilala sakafuni akiitazama cherehani yake kutoka chini, pembe ambayo hakuwahi kuiona. Alijiambia wanatafuta gari. Kisha kwamba gari limeharibika. Alitunga kila udhuru ambao mama huwatungia watoto. Simu nayo ikazima.

Asubuhi ya pili ujumbe ulitumwa, haukujibiwa. Na mtu asipojibu, taa inabaki na rangi yake ya mwisho. Uvumi wa kwenye foleni ulikuwa kweli. Muuza mkaa yuko kijani hata leo, na hata siku hiyo alikuwa akiwaka jirani na mwenzetu aliyekuwa sakafuni.

Aliyemwokoa hakutumwa na mtu. Dada Hodi, hana kazi, alipita kuchukua sketi aliyopeleka kupunguzwa.

"Hodi!"

Msumeno haukuwa ukilia, wa mageti walikuwa wamekaa kunywa chai.

"Hodi, fundi! Sketi yangu umeivaa wewe?"

"Karibu," ikatoka sauti chini ya mlango. "Karibu, mwanangu. Hatujambo. Ila siwezi kufungua."

Wa mageti wakavunja komeo. Hospitalini binti alifika na beji ya kazi bado shingoni. Hakusalimia.

"Mama, niliangalia. Wallahi niliangalia. Ulikuwa kijani."

"Nilikuwa salama, mwanangu," mama yake akasema. "Ila."

Binti akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Mama yake akamshika nywele, kama alivyokuwa akimsuka zamani.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tumeambiwa baada ya risala hii utabonyeza kitufe, mfumo huu uende na mitaa mingine. Huko nako kuna mama yuko mbele ya simu, anajua kujibu salama tu. Tunaomba kidole chako kisubiri.

Tunaomba Dada Hodi arudishwe kazini.

Tunaomba majibu yetu yasomwe na mtu, mpaka mwisho.

Tunaomba asiyejibu apewe rangi yake, na rangi hiyo imwinue mtu kitini.

Tunaomba mtaalamu asifukuzwe wala asikemewe mbele za watu. Kisanduku kilifanya alichokiagiza, naye aliagiza akiamini mtu mwenye shida atasema shida kwanza. Alisahau kidogo jinsi tunavyosalimiana kwao. Mtu husahau akikaa mbali. Kwa hiyo tunaomba pia apewe likizo, si ya kuja kurekebisha mfumo. Fundi anatembea kwa fimbo sasa, na anasema kwake kuna kiti cha pili.

Fundi ndiye aliyetuandikia haya. Elimu yake ni ya msingi, hivyo pasiponyooka tusameheane. Amesisitiza tumalizie na mambo ya kuepuka, ili mkisahau mengine yote mbaki na haya:

Msikate jibu la mtu kwenye neno la kwanza.

Msihesabu kimya kuwa uzima.

Msimwache marehemu akiwaka kati ya walio hai.

Msimwondoe anayebisha hodi kwa sababu kioo kinapendeza.

Msiulize hali mara moja tu.

Msimwambie mama yenu mnamwona, ikiwa yeye hawaoni.

Mungu akujalie, mgeni rasmi, siku utakayokuwa chini, awepo mtu mlangoni.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama Tunaoishi Peke Yetu.
Hatujambo.