Theodosia Bukuru, Mama Onja wa Kitahana

Marehemu Theodosia Bukuru alizaliwa Mabamba tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Bukuru. Mdogo wake Kezia, anayewasomea wasifu huu, ndiye aliyebebwa mgongoni naye, na anajua ukaidi wake kuliko wote mliopo hapa.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Mabamba, akamaliza darasa la saba mwaka 1983. Alifaulu, ila nyumbani uwezo haukuwepo. Alilia, akafuta machozi, akashika jembe.

Mwaka 1989 alifunga ndoa na Gervas Ntahondi wa Kitahana, wakajaliwa watoto wanne. Gervas ni mtu wa utani, lakini sindano anaiogopa kama nyoka. Theodosia alimcheka kwa hilo miaka yote ya ndoa yao.

Tangu mwaka 2009 alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Chanjo ya nimonia ya watoto ilipoletwa mwaka 2013, akina mama walikaa kwenye benchi la zahanati, hakuna anayesogea. Mmoja akasema, “Kwetu anayekukaribisha pombe huonja kwanza, ujue haina sumu. Na wewe onja!” Theodosia akaenda nyumbani, akarudi na mjukuu wake wa kwanza, Nadège, akampakata mbele yao. Nesi akachoma, mtoto akapiga yowe, wanawake wakacheka, wakapanga foleni. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Onja. Watoto wenu wengi wanapumua leo kwa sababu hiyo, na mnajijua.

Sasa tuseme kilichomuua, maana tangu Jumapili midomo haijatulia. “Mama wa chanjo kauawa na chanjo!” Uongo mtupu.

Ijumaa tarehe 6 Juni 2025 walikuja ndugu wa Gervas kumwona mjukuu wao mchanga, Reine. Gervas alikuwa ametoka gulioni na mafua makali, na chupa ndogo ya kupuliza puani. Muuzaji alikuwa amemdanganya kuwa ni chanjo isiyo na sindano. Akaionja kwanza mbele ya wageni, pua zote mbili, akaifuta kwa shati, akampa mkewe kama anavyopewa mtu mrija wa pombe.

Theodosia alijua kuwa ile si chanjo. Hospitalini alimwambia Kezia, “Mume wangu ameonja mbele ya ndugu zake. Ningekataa, ningemvua nguo.” Akapuliza. Lakini mama yake Reine aliponyoosha mkono, Theodosia aliifunga ile chupa kwenye pindo la kitenge akasema, “Hii imeishia kwangu.” Wageni walinuna. Hakujali.

Siku chache baadaye homa ilimshika, kifua kikabana, akapelekwa hospitali Kibondo. Daktari alieleza kuwa chanjo za kupuliza puani zipo duniani, ila ile chupa ilikuwa dawa ya kuzibua pua tu, na mafua yalihama nayo kutoka pua hadi pua, yakashuka mapafuni yakawa nimonia. Ile chanjo aliyowapigania watoto wa wenzake, utotoni kwake haikuwepo. Inauma, jamani. Inauma sana.

Kufa hakukumtisha. Alichoogopa ni benchi lile la zahanati kubaki tupu. Alimshika Kezia mkono, pumzi zikikatika: “Usiwaache waseme ni chanjo. Soma ukweli, hata Gervas akiinamisha kichwa.” Alifariki Jumapili tarehe 15 Juni 2025, alfajiri. Wazee wa ukoo walitaka iandikwe “aliugua ghafla”. Gervas akawakatiza: “Msinifiche. Andikeni kama ilivyokuwa.”

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, mdogo wake Kezia, na wajukuu saba, wa mwisho wao Reine mwenye wiki sita, ambaye hajawahi kukohoa hata mara moja.

Kesho ni Alhamisi, kliniki ipo kama kawaida. Reine atachomwa wa kwanza, na atakayempakata ni babu yake Gervas. Amesema atafumba macho, lakini mkono wa mtoto hatauachia.

Akina mama, njooni. Mungu ampe Theodosia pumziko la amani.