Nyimbo Arobaini na Moja za Mwalimu Konsolata

Mwalimu Konsolata Tluway alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Julai 1964, saa kumi na moja alfajiri, katika kata ya Daudi, wilayani Mbulu, ingawa daftari la shule linasema mwaka 1965, na familia, baada ya kulinganisha karatasi zote, imefuata kadi ya ubatizo.

Alisoma shule ya msingi hapa Daudi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akapata mafunzo ya ualimu mwaka 1981 hadi 1983, na Januari 1984 akaanza kufundisha Bashay, kazi aliyoifanya kwa miaka arobaini hadi alipostaafu Julai 2024. Tarehe 22 Agosti 1987 alifunga ndoa takatifu na Bwana Herman Sulle, wakajaliwa watoto watatu, Emanuel, Benedict na Fausta, ambaye ndiye aliyeandika historia hii.

Marehemu alifundisha kwaya, akaacha daftari lenye nyimbo arobaini na moja. Kwenye karatasi za kwaya, kona ya juu kulia ni mahali pa jina la mtunzi, lakini yeye aliandika pale jina la mwimbaji wa kuanzisha, ili kila karatasi ifike mkononi mwa mhusika, na hapa Daudi sote tulilijua hilo. Wageni hawakulijua. Mwaka 2023 kwaya moja ya mbali ilirekodi wimbo wake wa mavuno wa mwaka 2009, ikaona kona ile imeandikwa Severine, ikamsajili mzee wetu Severine, mwimbaji wa besi, kuwa mtunzi.

Machi 2025 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akatibiwa Mbulu mjini, hadi Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alipoitwa na Muumba wake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake wa Bashay, majirani waliovuna mahindi yake bila kuombwa, na wanakwaya waliolala hapa tangu Jumapili.

Limebaki jambo moja, ambalo familia inalisema huku ikiwa haijalielewa vizuri. Alhamisi, tarehe 6 Novemba, mzee Severine alifika wodini na fomu ya kuruhusu wimbo ule utumike kwenye tangazo la biashara, fomu iliyomtaka asaini kama mtunzi.

“Mwalimu, mimi hutunga uongo wa sokoni tu,” alisema. “Hii nimeletewa ya nini?”

“Saini, shemeji. Nikijitokeza mimi leo, watakuita mwizi.”

“Na nikisaini, nitajiita nani kanisani? Wewe unaondoka, unaniachia wimbo nisioujua ulikotoka!”

Akaiacha fomu juu ya blanketi, akatoka bila kuaga.

Kesho yake asubuhi, saa moja na nusu, aliomba daftari, kalamu na miwani. Akaanza na fomu: akakata jina la Severine, akaandika lake, na pembeni akaongeza kwamba mzee huyu hakuiba kitu, kosa la kona lilikuwa la Mwalimu mwenyewe. Kisha akafungua daftari ukurasa wa kwanza, na chini ya kila jina la mwimbaji akaandika “Mtunzi: K. Tluway”, polepole, bila kufuta jina la mtu yeyote. Alipomaliza wimbo wa ishirini na tisa aligeuza kurasa zilizobaki, akazisoma zote kumi na mbili hadi mwisho, hakuandika kitu, akafunika kalamu na kuomba uji. Familia haijui kama mkono ulichoka au kama zile hazikuwa zake, na anayejua tunamwomba atuambie kabla hatujaziimba.

Upumzike, Mwalimu, na kazi yako ikae kwa jina lako.